Hermann Hreiðarsson na sifa ya gundu: yanayosemwa na yaliyotokea

Ukimtaja Hermann Hreiðarsson mbele ya mtu aliyefuatilia Ligi Kuu ya Uingereza miaka ya 2000, jibu huwa moja: "Yule beki wa Iceland aliyeshuka daraja na timu tano." Ni kweli alishuka. Crystal Palace mwaka 1998, Wimbledon 2000, Ipswich Town 2002, Charlton Athletic 2007, Portsmouth 2010. Klabu tano tofauti, ligi moja, mchezaji mmoja, na rekodi hiyo imegeuka kuwa wasifu wake wote.

Kinachoniuma ni yale yaliyopachikwa juu ya rekodi hiyo. Beki aliyecheza zaidi ya mechi 300 kwenye Ligi Kuu, na mechi 89 za timu ya taifa, anastahili kusimuliwa kwa ukamilifu.

Dhana: Alikuwa na gundu. Timu ikimsajili tu, inazama.

Tuzipitie klabu hizo moja moja, maana mtu akiishia kwenye orodha ya miaka hawezi kuona kilichotokea.

Crystal Palace walimtoa ÍBV, klabu ya visiwa vya Vestmannaeyjar huko Iceland, mwaka 1997. Palace ndiyo kwanza walikuwa wamepanda daraja kwa njia ya mchujo. Msimu ule walikaa mpaka tarehe 18 Aprili 1998 ndipo wakapata ushindi wao wa kwanza wa ligi wakiwa nyumbani. Mwezi Machi ukocha alikuwa amekabidhiwa winga wa Kiitaliano, Attilio Lombardo, ambaye Kiingereza kilimpiga chenga, ikabidi Tomas Brolin wa Sweden awe anamtafsiria maelekezo kwa wachezaji. Wakati huohuo klabu ilikuwa njiani kuuzwa, na mwaka uliofuata ikawekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi. Kijana wa miaka 23 aliyetoka kisiwani angebadilisha nini hapo?

Wimbledon alifika Oktoba 1999, msimu ukiwa umeshaanza. Hii ilikuwa klabu isiyo na uwanja wake; tangu 1991 ilikuwa mpangaji pale Selhurst Park, nyumbani kwa Palace. Kwa hiyo Hermann alishuka daraja mara mbili akiwa na klabu mbili zilizotumia nyasi zilezile. Kocha Egil Olsen wa Norway alitimuliwa zikiwa zimebaki mechi mbili. Siku ya mwisho, tarehe 14 Mei 2000, walifungwa 2-0 na Southampton huku Bradford wakiwafunga Liverpool 1-0, na Wimbledon wakashuka. Ilikuwa imetimia miaka 12 kamili tangu siku walipotwaa Kombe la FA.

Ipswich ndiyo habari ninayotaka watu waisome mara mbili. Walipanda daraja mwaka 2000, wakamnunua Hermann mwezi Agosti, na msimu huohuo wa kwanza wakamaliza nafasi ya 5, wakapata tiketi ya Kombe la UEFA, na kocha wao George Burley akachaguliwa kocha bora wa mwaka. Msimu uliofuata waliwafunga Inter Milan 1-0 pale Portman Road, kisha wakapigwa 4-1 kule Italia. Ratiba ya Ulaya, matumizi makubwa na kikosi kisicho na kina viliwamaliza. Wakashuka Mei 2002 na mapema 2003 wakaingia kwenye ufilisi. Hermann aliuzwa Charlton Machi 2003 kwa sababu klabu ilihitaji fedha.

Charlton nako, msimu wake wa kwanza kamili, 2003–04, timu ilimaliza nafasi ya 7, nafasi ya juu kabisa waliyowahi kufika katika enzi za Ligi Kuu. Iliporomoka baada ya Alan Curbishley kuondoka mwaka 2006, akiwa amekaa pale miaka 15. Msimu mmoja uliofuata ulipitiwa na makocha watatu: Iain Dowie, Les Reed, Alan Pardew. Timu inayobadilisha makocha watatu ndani ya msimu haihitaji gundu la mtu yeyote ili ishuke.

Na Portsmouth, msimu wake wa kwanza, nafasi ya 8 na Kombe la FA. Miaka miwili baadaye klabu ilikuwa imewauza Glen Johnson, Peter Crouch, Niko Kranjčar na Sylvain Distin, mishahara inachelewa, wamiliki wanapokezana. Februari 2010 ikawa klabu ya kwanza ya Ligi Kuu kuingia kwenye ufilisi ikiwa ndani ya ligi, ikapokwa pointi 9. Haki isemwe: hata bila kupokwa pointi hizo wangebaki mkiani. Lakini Hermann mwenyewe hakuwepo uwanjani mwishoni mwa msimu ule. Alikatika kano ya kisigino mwezi Machi kwenye mechi na Tottenham, na timu iliposhuka na kucheza fainali ya FA na Chelsea, yeye alikuwa anauguza mguu.

Ukiziweka pamoja Ipswich, Charlton na Portsmouth, unaona klabu tatu zilizofika kileleni zikiwa na beki huyuhuyu, kisha zikazama kwa madeni au kwa kukosa uongozi. Anayemtwika kuzama kwa timu amhesabie na kupanda kwake.

Dhana: Alikuwa beki wa bei rahisi, anayeokotwa na timu zilizokosa chaguo.

Fuata fedha. Baada ya kushuka na Palace, Ron Noades, aliyekuwa mmiliki wa Palace na sasa amenunua Brentford na kujiteua kocha, alimfuata na kulipa takriban pauni 750,000. Brentford walikuwa daraja la nne wakati huo, na kwao zilikuwa fedha nyingi mno. Msimu huo, 1998–99, Brentford walitwaa ubingwa wa daraja lao na kupanda. Hii ndiyo klabu ambayo wasimuliaji wa gundu huiruka.

Wimbledon wakalipa kama milioni 2.5. Wimbledon wakashuka, Ipswich wakalipa zaidi ya milioni 4. Yaani kila aliposhuka Ligi Kuu katika miaka ile, aliyefuata alimnunua kwa bei kubwa kuliko aliyetangulia. Makocha waliomtazama kila wiki walijua nani alikuwa chanzo cha kushuka na nani hakuwa.

Dhana: Medali ya Kombe la FA 2008 aliipatia benchi.

Alianza na akamaliza. Tarehe 17 Mei 2008, Wembley, mbele ya kipa David James walipangwa Glen Johnson kulia, Sol Campbell na Sylvain Distin katikati, na Hermann kushoto. Kocha Harry Redknapp alifanya mabadiliko matatu siku hiyo. Hakuna hata moja lililogusa safu ya ulinzi. Kanu wa Nigeria alifunga dakika ya 37, Cardiff City wakafungwa 1-0, na Portsmouth wakalibeba kombe hilo kwa mara ya kwanza tangu 1939.

Kwa mashabiki wa Afrika, kikosi kile kilikuwa na sura nyingi za nyumbani: Kanu na John Utaka wa Nigeria, Sulley Muntari wa Ghana, ambaye penalti yake ndiyo iliyowatoa Manchester United pale Old Trafford mwezi Machi. Wengi waliitazama fainali ile kwa ajili ya Kanu. Naelewa kwa nini beki wa kushoto hakukaa kwenye kumbukumbu zao. Lakini Portsmouth walishinda 1-0 nusu fainali dhidi ya West Bromwich Albion, na 1-0 tena fainali. Timu inayobeba kombe kwa goli mojamoja inabebwa na mabeki wake.

Dhana: Alikuwa wa mabavu tu, mpira hakuujua.

Mwili alikuwa nao, na Waingereza walimpa jina la Herminator. Lakini kocha hampangi mtu beki wa kati leo na beki wa kushoto kesho, kwenye Ligi Kuu, kama hana akili ya mpira. Alizicheza nafasi zote mbili kwa zaidi ya miaka kumi.

Tarehe 29 Septemba 2007 Portsmouth waliwafunga Reading 7-4, magoli 11 kwenye mechi moja, na hadi wakati huo Ligi Kuu haikuwa imewahi kuona mengi hivyo. Benjani wa Zimbabwe alifunga matatu. Goli la Hermann mapema kipindi cha pili ndilo lililowarudisha Portsmouth mbele 3-2 baada ya Reading kusawazisha. Upande wa pili, Ívar Ingimarsson, mwenzake wa timu ya taifa ya Iceland, alihesabiwa amejifunga.

Dhana: Alikuwa kwenye kikosi cha Iceland cha Euro 2016.

Hapana. Aliichezea Iceland tangu 1996 hadi 2011, na hakuwahi kufika kwenye mashindano yoyote makubwa. Kocha Lars Lagerbäck, aliyekuja kuipeleka Iceland Ufaransa, alipewa timu wakati Hermann ndiyo anatoka. Mabeki waliokuwemo kwenye kikosi kile cha robo fainali, Ragnar Sigurðsson, Birkir Már Sævarsson na Kári Árnason, wote walikuja kuipita idadi yake ya mechi. Kári alimpita kwa mechi moja tu.

Kutokana na hilo kumezuka fikra nyingine, kwamba kabla ya 2016 Iceland ilikuwa timu ya kufungwa tu. Mnamo Septemba 1998 walitoka sare ya 1-1 na Ufaransa, mabingwa wapya wa dunia. Miaka mitano baadaye, Septemba 2003, Ujerumani, waliotoka kucheza fainali ya Kombe la Dunia, walienda Reykjavík wakaambulia 0-0, na kocha wao Rudi Völler akawakaripia wachambuzi hewani kwenye televisheni. Kundi lile la kufuzu Euro 2004 liliisha Scotland wakiwa na pointi 14 na Iceland 13. Pointi moja ndiyo iliyowatenganisha na mchujo. Kizazi cha Hermann kilifika mlangoni kikakosa pa kuingilia, na ni makosa kukifuta kwa sababu waliofuata waliingia.

Dhana: Gundu lilimfuata mpaka mwisho, na hata ukocha.

Hapa hoja ina ukweli ndani yake. Januari 2012 alihamia Coventry City, waliokuwa wakihangaika mkiani mwa daraja la pili, akacheza mechi chache mno, na wakashuka. Portsmouth, alikotoka, nao waliingia ufilisi tena msimu huohuo na wakashuka bila yeye kuwepo. Ukimlaumu kwa moja, la pili utamlaumu nani?

Alianza ukocha nyumbani, ÍBV, mwaka 2013, na David James, kipa wa fainali ile ya Wembley, akamfuata mpaka Vestmannaeyjar, kwenye mji wa watu kama elfu nne, kudaka na kusaidia kufundisha. Mwaka 2018 James alipopewa Kerala Blasters ya India, alimchukua Hermann kuwa msaidizi wake. Mwaka uliofuata Sol Campbell alifanya hivyohivyo Southend United. Watu wawili waliocheza naye ukuta mmoja, na wote walipopata kazi walimtafuta. Wachezaji huziamini sana habari za mikosi. Hawa waliomjua kwa karibu hawakumkimbia.

Kisha akarudi ÍBV. Mwaka 2023 timu ilishuka daraja akiwa kocha mkuu, na bila shaka kuna waliosema tulijua tu. Klabu haikumfukuza na yeye hakuondoka. Mwaka 2024 ÍBV walimaliza wa kwanza daraja la pili la Iceland na kurudi ligi kuu, kocha akiwa Hermann Hreiðarsson.