CD-ROM: wengi wanalinda upande usio na data

"Data iko upande unaong'aa, upande wa lebo ni pambo tu."
Ni kinyume chake. Diski ina unene wa milimita 1.2, na karibu wote ni plastiki angavu ya polikaboneti. Vishimo vya data viko juu ya plastiki hiyo, vikafunikwa kwa utando mwembamba wa alumini, halafu vanishi, halafu wino wa lebo. Mkwaruzo wa upande wa lebo unaweza kufika kwenye alumini kwa urahisi. Inyanyue diski mbele ya balbu: ukiona vitundu vya mwanga vinapenya, alumini imebanduka hapo na data yake imekwenda. Dawa ya meno haisaidii, wala mashine ya kung'arisha.

Mkwaruzo wa chini ndio wenye matumaini. Lenzi inaikusanya leza inayosoma diski: inaingia kwenye plastiki ikiwa na upana wa karibu milimita 0.8, na inapogusa vishimo imebaki nukta ya maikromita 1.7 hivi. Vumbi na mikwaruzo midogo ya juu juu leza inaipita kama ukungu.

"Ifute kwa kuizungushia kitambaa."
Hapana, futa kwa mstari mnyoofu, kutoka katikati kwenda ukingoni. Njia ya data imejiviringisha kuzunguka diski. Mkwaruzo unaoikata njia unagusa baiti chache kila mzunguko, ila unaoifuata unakula mfululizo mrefu ambao baiti za kusahihisha makosa zilizomo kwenye diski haziwezi kuufidia.

"Kama CD ya muziki yenye mikwaruzo inapiga, ya programu nayo itasoma."
Redio ya CD ikikosa kipande cha sauti inakikisia, na sikio halishtuki. Programu haikisiwi: baiti moja ikikosewa, usakinishaji unakwama. Ndiyo maana katika baiti 2,352 za kila sekta (kipande kimoja cha data) ya CD-ROM, za kwako ni 2,048 tu. Nyingine 276 ni za kusahihisha makosa na 4 za kuyagundua. Zinazobaki zinaitambulisha sekta yenyewe, isipokuwa 8 zilizoachwa tupu.

"Draivu ya 52x inasoma kwa kasi hiyo muda wote."
Draivu ni kifaa kinachosoma diski, na 1x ni kilobaiti 150 kwa sekunde, kwa hiyo 52x ni 7,800. Kasi hiyo inafikiwa ukingoni mwa diski tu, na data huanza kuandikwa ndani. Diski isiyojaa haifiki huko kabisa. La kuangalia zaidi ni ufa kwenye tundu la katikati: kwa mizunguko ipatayo 10,000 kwa dakika, diski yenye ufa inaweza kupasukia ndani ya draivu. Usiiingize.

"CD-ROM haiandikwi, basi haina virusi."
Haiambukizwi baada ya kutoka kiwandani, hilo ni kweli. Lakini faili likiwa na kirusi kabla diski haijachapwa, kila nakala inatoka nacho. Antivirusi itakuonyesha kilipo, na kukifuta itashindwa.