Talaka haigawi nyumba

Swali ninaloulizwa zaidi ofisini, hasa na kina mama wa Majengo na Kisauni hapa Mombasa, ni hili: "Wakili, nimeachwa. Nusu ya nyumba naipataje?" Wengi huamini talaka ikishatoka mali hujigawa yenyewe. Sivyo. Kuvunja ndoa ni shauri moja, mali ni jingine, watoto ni la tatu, na usipoyatenganisha mapema utazungushwa makorti hadi uchoke.

La kuvunja ndoa linategemea mlivyooana. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya 2014 inatambua ndoa za Kikristo, za kiserikali, za kimila, za Kihindu na za Kiislamu. Waislamu huenda kwa kadhi, ambaye kwa Kifungu cha 170 cha Katiba husikiliza tu shauri ambalo pande zote ni Waislamu na zimekubali mamlaka yake. Huko ndiko kwenye talaka, khului (mke kujivua ndoa kwa kurudisha mahari), faskhi (kadhi kuivunja ndoa), eda (muda wa mke kungoja kabla ya kuolewa tena) na mahari yaliyobaki. Na talaka uliyotumiwa kwa simu usiku wa manane usiiache ikae kwenye simu. Nenda ikaandikishwe, upate cheti.

Kwenye mali ndiko watu huumia. Sheria ya Mali ya Wanandoa ya 2013 inagawa kwa mchango wa kila mmoja, na mchango si pesa tu: kupika, kulea watoto, kusimamia duka la mume, vyote vinahesabiwa. Lakini Januari 2023 Mahakama ya Juu ilisema wazi kwamba usawa ulioandikwa katika Kifungu cha 45 cha Katiba hauna maana ya nusu kwa nusu. Kila mmoja athibitishe alichochangia. Mwislamu naye anaruhusiwa kufuata sheria ya Kiislamu katika mali ya ndoa, kwa hivyo pima na wakili wako kabla hujafungua faili popote.

Sasa, utathibitishaje Mombasa, ambako nyumba nyingi za Kiswahili ni nyumba bila ardhi? Kuta ni zenu, kiwanja ni cha mwingine, kila mwezi mnalipa kodi ya ardhi, na hati miliki haina jina la yeyote kati yenu. Hapo karatasi ndogondogo hupata thamani: makubaliano ya kununua nyumba, risiti za kodi ya kiwanja, taarifa za M-Pesa za kumlipa fundi. Mama mmoja muuza mahamri aliniletea daftari lake la biashara. Katikati ya hesabu za unga na nazi ameandika simiti, mabati, "fundi bakaa". Akaniuliza kwa haya, "Mwanangu, si uchafu huu?" Mimi nilikuwa natazama wino. Ulikuwa umebadilika rangi mara kadhaa, kurasa zimeingia mafuta kwa nyakati tofauti. Daftari lililopikwa kwa ajili ya kesi huwa na kalamu moja na mwandiko mtulivu tangu mwanzo hadi mwisho.

Nyumba aliyorithi mume Mji wa Kale, kwa kawaida, si mali ya ndoa. Lakini ukiwa umeezeka paa lake au umejenga ghorofa juu yake, una haki kwa kiasi cha ulichoongeza. Iliyoandikwa majina yenu wawili huchukuliwa kuwa ni sawa kwa sawa mpaka mtu athibitishe vinginevyo.

Wala usingoje talaka. Nyumba ya ndoa haiuzwi wala haiwekwi rehani bila idhini ya mwenzio. Ukisikia dalali anapitapita na ardhi ina hati, wahi ofisi ya ardhi uweke zuio kwenye rejista. Korti pia yaweza kutamka haki yako katika mali hata kama hakuna kesi ya talaka. Mikataba ya kabla ya ndoa inaruhusiwa, ingawa sioni familia nyingi hapa zikiithubutu. Posa yenyewe ingevunjika.

Watoto wana Mahakama ya Watoto, Tononoka. Katiba na Sheria ya Watoto ya 2022 zinatanguliza maslahi ya mtoto, na wajibu wa kulea ni wa wazazi wote wawili, waliooana na wasiooana. Kwa hivyo "mtoto wa kiume akifika miaka saba ni wa baba" haitoshi kumaliza kesi. Hakimu atauliza nani humpeleka shule, nani anajua dawa zake, na aghalabu ataagiza ripoti ya afisa wa watoto.

Kosa ninalolikuta kila mara: baba haleti matumizi, mama anamkataza kumwona mtoto. Matumizi na kuonana ni mambo mawili, na hakimu hapendi moja litumiwe kulipia jingine. Omba amri ya muda ya matumizi, karo na chakula vianze kulipwa kesi ikiendelea. Na mtoto akichukuliwa bila ridhaa akafichwa kwa jamaa, usiende kumnyakua na vijana wa mtaa. Ipo amri ya kumlazimisha anayemshikilia amlete kortini, na huombwa kwa dharura.