Je, wajua? Kwa nini siku 21 hazijengi mazoea, hasa ukiwa na ADHD

Mazoea huchukua siku ngapi kujengeka? Swali hili niliwahi kulijibu vibaya, tena kwa kujiamini: nilisema 21. Nina ADHD, hali ya ubongo inayofanya kutulia, kumakinika na kujizuia kuwe kazi ngumu, na nilikuwa nimeazimia kuosha vyombo kila usiku kabla ya kulala. Nikabandika kalenda jikoni, kila nikifaulu natia alama ya vema. Siku 21 zikitimia, nilikuwa nikiwaambia watu, mikono itakwenda yenyewe. Siku ya 22 mikono haikwenda popote, nami nikaamua kwamba kasoro ni yangu.

Kumbe hesabu yenyewe ilikuwa na kasoro. Siku 21 tumezirithi kwa Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa sura huko New York. Katika kitabu chake cha 1960 aliandika kwamba mgonjwa huchukua kama siku 21 kuizoea sura yake mpya, na kwamba taswira ya akilini huhitaji angalau muda kama huo kubadilika. Yaani mwenzetu alikuwa akizungumzia nyuso. Njiani "angalau" ikadondoka, nyuso nazo zikadondoka, tukabaki na siku 21 za kuacha sukari, kuamka alfajiri na kukimbia. Wahenga walipokuwa wakisema mazoea hujenga tabia, angalau wao hawakutaja siku.

Aliyekaa akapima ni mtafiti Phillippa Lally na wenzake wa University College London. Waliwafuatilia watu 96 kwa wiki 12, kila mmoja na jambo lake dogo la kila siku, kama kunywa maji au kula tunda pamoja na mlo. Kiwango cha kati cha jambo kugeuka mazoea kikawa siku 66, lakini tofauti kati ya mtu na mtu ilianzia 18 hadi 254. Hizo 254 ni makadirio, maana wiki 12 ni siku 84 tu. Tena utafiti huo haukulenga wenye ADHD, kwa hiyo usihame kutoka 21 ukaanza kuiabudu 66. Mimi nililolipenda humo ni dogo: kuruka siku moja hakukuharibu kazi iliyokwisha kufanyika.

Sasa, ni nini hasa kinachojengeka? Tazama kuku wa nyumbani. Siku za mwanzo hukimbilia mahindi, sauti ya kopo haiwahusu. Wiki chache baadaye ukilitikisa kopo tu wanakuja mbio, hata likiwa tupu. Msisimko umehama, umetoka kwenye punje umeingia kwenye sauti. Mwanasayansi wa ubongo Wolfram Schultz aliuona uhamaji huo ndani ya ubongo wa kima: mwanzoni seli za dopamini, kemikali ya ubongo inayohusika na malipo na msukumo, zilichangamka kima alipopata juisi, alipokwisha kujifunza, zilichangamka ishara ilipotokea, na juisi ikija hazishtuki tena.

Mazoea yanategemea kopo hilo. Sinki lenye vyombo linapaswa siku moja lianze kukuita lenyewe. Mwaka 2008 watafiti Gail Tripp na Jeff Wickens walipendekeza kwamba kwa mwenye ADHD uhamaji huu ni dhaifu. Mahindi anayafurahia kama kuku yeyote, ila utamu wake hauhamii vizuri kwenye kopo. Kwa hiyo mahindi yakichelewa, hakuna kinachomsukuma wakati wa kungoja. Na malipo ya kuosha vyombo usiku ni nini? Jiko safi, kesho asubuhi. Kuku gani angesubiri?

Hiyo bado ni nadharia. Lenye ushahidi mpana zaidi ni kwamba watu wakipewa kuchagua zawadi ndogo sasa au kubwa baadaye, wenye ADHD huchagua ya sasa mara nyingi zaidi. Kwa wastani, lakini; wapo wanaosubiri vizuri tu. Ila ile kauli ya mitandaoni kwamba mwenye ADHD "hana dopamini" ipuuze. Asiye na dopamini hangeweza hata kunyanyua sahani.

Mimi nimeyasogeza mahindi. Mabishano ya Simba na Yanga redioni nayasikiliza nikiwa naosha vyombo tu; bomba likifungwa, redio inazimwa. Pia nimejipangia hivi: nikimaliza tonge la mwisho, sahani inakwenda sinkini kabla sijashika simu. Mipango ya "likitokea hili, nafanya lile" ilichunguzwa na wanasaikolojia Caterina Gawrilow na Peter Gollwitzer, wakaona inawasaidia watoto wenye ADHD kujizuia. Ilikuwa kazi ya maabara, si ya jikoni, na walikuwa watoto.

Kalenda nimeibandua. Wiki hii nimeosha Jumatatu, Jumanne na Alhamisi. Vya Jumatano vilioshwa Alhamisi.