Clyde Sukeforth: yanayosemwa na yaliyotokea

Wengi huamini Jackie Robinson, mchezaji mweusi wa kwanza wa ligi kuu ya besiboli katika karne ya 20, aliibuliwa na Branch Rickey peke yake. Rickey, bosi wa Brooklyn Dodgers, ndiye aliyeamua kuuvunja ubaguzi wa rangi kwenye besiboli ya Marekani, hilo halina ubishi. Ila aliyetumwa Chicago Agosti 1945 ni Clyde Sukeforth, mdakaji wa zamani. Kazi yake ilikuwa kupima nguvu ya mkono wa Robinson. Akamkuta anauguza bega, hachezi. Mwingine angerudi zake. Yeye akasafiri naye kwa treni hadi New York. Rickey alipomporomoshea Robinson matusi ya kila aina ili aone kama atavumilia, mtu wa tatu chumbani alikuwa Sukeforth.

Kuna wanaodhani alikimbilia ukocha kwa kuwa kucheza kulimshinda. Mwaka 1929, akiwa Cincinnati Reds, wastani wake wa kupiga ulikuwa .354, yaani alifanikiwa kupiga zaidi ya mara moja katika kila zamu tatu, kiwango cha juu sana! Kilichomkata ni ajali ya mawindoni mwaka 1931: marisawa yalimwingia jicho la kulia. Mdakaji huchuchumaa nyuma ya mpigaji na kuufuata mpira wa kasi kwa macho. Alijikongoja Brooklyn hadi 1934.

Kocha wa kwanza wa Robinson ligi kuu hakuwa Burt Shotton. Kocha mkuu wa Dodgers, Leo Durocher, alikuwa amefungiwa, hivyo mechi mbili za mwanzo, Aprili 1947, ziliongozwa na Sukeforth. Akashinda zote, kisha akampisha Shotton.

La kuumiza zaidi ni lawama za Oktoba 3, 1951, mechi ya kuamua bingwa wa ligi dhidi ya Giants, kwamba aliwakosesha Dodgers ubingwa. Alikuwa akisimamia warushaji wa akiba. Kocha mkuu Charlie Dressen akapiga simu: nani yuko tayari? Sukeforth akajibu kwamba mipira ya kupinda ya mrushaji Carl Erskine inagonga chini. Akaingizwa Ralph Branca, na Bobby Thomson wa Giants akaupeleka mpira jukwaani, Dodgers wakashindwa. Jibu lilikuwa la kweli. Uamuzi ulikuwa wa Dressen.

Baada ya hapo akamfuata Rickey Pittsburgh Pirates. Mwaka 1954 alitumwa kumtazama mrushaji Joe Black, lakini kwenye mazoezi ya kabla ya mechi akavutiwa na nguvu ya mkono wa kijana wa Puerto Rico, Roberto Clemente, aliyekuwa mali ya Dodgers. Novemba Pirates wakamchukua kwa utaratibu wa ligi wa kuchagua wachezaji wa timu nyingine wasiolindwa.