Zilipendwa za Desemba: namna ya kuzipiga hadi bibi ainuke kitini

Kuanzia katikati ya Desemba mabasi ya kutoka Dar es Salaam hupanda mlima Kitonga yamejaa watu wanaorudi nyumbani. Wengine wanashuka Iringa, wengine Mafinga, Makambako, Njombe, na waliobaki wanakuja nasi Mbeya au wanateremka hadi Tukuyu na Kyela. Wiki hizo ndizo za kazi kwangu. Mimi ni DJ wa nyimbo za zamani, na sherehe ninazopiga zaidi ni za majumbani: turubai uani kwa sababu ya mvua, viti vya kukodi, bibi na babu wamekaa mbele na mablanketi magotini, wajukuu wanapita huku na huku.

Wadogo zangu mnaoanza kazi hii mara nyingi mnaniambia kwamba zilipendwa ni rahisi, maana kila mtu anazijua. Mimi nasema ndizo ngumu kupita zote. Kijana akisikia wimbo mpya uliopigwa vibaya, atacheza tu. Mzee wa miaka 65 anaujua wimbo wake hadi pale mpiga gitaa anapovuta pumzi, na ukiuharibu anajua papo hapo, anakaa. Ndiyo maana kanuni yangu ni moja: wimbo wa zamani upigwe kama ulivyorekodiwa, mzima, kwa kasi yake, na kila sauti iliyomo isikike. Mengine yote ninayoandika hapa yanatoka kwenye kanuni hiyo.

Kabla ya kuchagua hata wimbo mmoja nauliza maswali mawili: mwenye nyumba alizaliwa mwaka gani, na ujana wake aliula wapi. Wanaochunguza kumbukumbu za binadamu wamekuta kwamba mtu mzima hukumbuka zaidi mambo ya miaka yake ya kati ya 10 na 30, na muziki wa umri huo humkaa kuliko wa umri mwingine wowote. Basi ni hesabu tu. Aliyezaliwa 1960 alikuwa na miaka 18 mwaka 1978, na huyo ni mtu wa Boney M. na Bee Gees. Aliyezaliwa 1970 alikuwa na miaka 14 Wham! walipotoa "Last Christmas" mwaka 1984. Swali la pili ndilo DJ wa Dar hawezi kulifikiria akija kupiga huku, na nitalirudia hapo chini, maana lina utajiri wake.

Boney M. kwanza. Siwaweki mbele kwa mazoea. Kundi lile lilitengenezwa Ujerumani Magharibi na mtayarishaji Frank Farian, lakini waliosimama jukwaani, Liz Mitchell, Marcia Barrett, Maizie Williams na Bobby Farrell, wote wanne walizaliwa kwenye visiwa vya Karibi. Ile sauti nzito ya kiume kwenye santuri ni ya Farian mwenyewe. Farrell aliibeba jukwaani kwa mwili na miguu yake, na aliibeba vizuri mno. Mwaka 1978 walitoa "Rivers of Babylon", wimbo ambao The Melodians wa Jamaica walikuwa wameurekodi mwaka 1970. Maneno yake yametoka Zaburi ya 137 pamoja na kipande cha Zaburi ya 19.

Sasa fikiria hilo lina maana gani huku kwetu. Wamisionari wa Moravian na wa Kilutheri walifika Rungwe mwaka 1891, na tangu hapo kwaya ndiyo shule ya muziki ya watu wengi wa nyanda hizi. Bibi aliyeimba sauti ya pili kanisani tangu usichana wake anaijua ile habari ya kuketi kando ya mito ya Babeli akilia. Yule mama ambaye hawezi kukubali kuonekana akicheza muziki wa kidunia, wimbo huu ukianza anasimama bila haya, kwa sababu moyoni mwake anacheza Zaburi. Nimeliona jambo hili Uyole, nimeliona Tukuyu, nimeliona Mafinga, na kila mara linanigusa upya. Hakuna wimbo mwingine ninaoujua unaoweza kumweka mzee wa kanisa na kijana wa bodaboda kwenye mstari mmoja.

Desemba ya 1978 hiyohiyo "Mary's Boy Child" yao ilishika namba moja Uingereza. Utunzi wa asili ni wa Jester Hairston, Mmarekani mweusi aliyekuwa kiongozi wa kwaya, na Harry Belafonte ndiye aliyeutangaza duniani katika miaka ya 1950. Ushauri wangu: usiukate. Boney M. waliunganisha mle kipande cha pili, "Oh My Lord", na pale muziki unapogeuka ndipo watu wanapopiga makofi. DJ anayeuondoa wimbo kabla ya hapo amewanyima watu kile walichokuwa wanakisubiri.

Nirudi kwenye lile swali la ujana uliliwa wapi. Kutoka Mbeya hadi Tunduma, mpakani na Zambia, ni kama kilomita 100. Kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam ni zaidi ya 800. Watu wa Mbeya, Rungwe na Kyela wamekwenda kufanya kazi kwenye migodi ya shaba ya Zambia tangu enzi za ukoloni, na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, ikaja kuwaunganisha zaidi. Wakati Dar es Salaam mwaka 1969 ilipiga marufuku muziki wa soul ukumbini, katika kipindi kilekile cha Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi na suruali za kubana, ng'ambo ya mpaka vijana walikuwa wananunua magitaa ya umeme. Miaka michache baadaye Rais Kaunda akaagiza redio ipige asilimia 95 ya muziki wa Zambia. Kilichozaliwa hapo ni roki ya Kiafrika ya hali ya juu: WITCH wakiongozwa na Emmanuel Jagari Chanda, Ngozi Family ya Paul Ngozi, Musi-O-Tunya ya Rikki Ililonga, Amanaz. Ni gitaa lenye mkwaruzo mzito, ngoma zinazotembea kama za kijijini, na maneno ya Kiingereza yaliyochanganywa na Kibemba au Kinyanja. Sunburst, kundi la roki kutoka Dar es Salaam, albamu yao "Ave Africa" ya 1976 ilitoka hukohuko Zambia.

Bei ya shaba ilipoanguka katikati ya miaka ya 1970 fedha ziliisha, na muziki ule ukafifia. Leo santuri zake zinatafutwa na wakusanyaji wa Ulaya na Marekani kwa bei kubwa, na mimi naona uchungu kuona DJ wa Mbeya hajui kwamba mambo hayo yalikuwa hapa jirani. Kwa hiyo mzee akiniambia, "Mwanangu, mimi nilikuwa Kitwe miaka hiyo," yaani kule kwenye migodi ya shaba ya Zambia, najua cha kufanya. Nampa nyimbo mbili za WITCH, moja ya Ngozi Family, kisha namteremsha taratibu kwenye kalindula, muziki wa dansi wa Zambia. Utaona uso wake. Watoto wake hushangaa, maana baadhi yao hawajawahi kumwona baba yao akicheza roki.

Kwa familia za Iringa nina mlango mwingine, Tancut Almasi Orchestra. Bendi hii ilikuwa ya kiwanda cha kukata almasi mjini Iringa, na miaka ya 1980 ilikuwa na mapacha Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa, waimbaji ambao sauti zao zikipanda pamoja huwezi kuzitenganisha. Ukipiga Tancut baada ya ABBA hakuna anayehisi umeruka mto. Kasi zinakaribiana, na watu wa rika lile walicheza vyote viwili wikiendi ileile.

Tuje kwenye vyombo, hapa ndipo nyimbo nyingi zinapouawa.

Rekodi nyingi za stirio, yaani zenye sauti ya kushoto na ya kulia, za miaka ya 1960 ziligawa sauti kwa ukali. Chukua "Rubber Soul" ya The Beatles, ya 1965, ile miksi ya stirio ya mwanzo: kwenye nyimbo nyingi waimbaji wako upande mmoja na vyombo upande mwingine. Kwenye redio ya nyumbani si tatizo. Lakini sherehe zetu huwa na spika moja uani chini ya turubai na nyingine sebuleni kwa wazee wanaokwepa baridi. Matokeo yake sebuleni wanasikia watu wanaimba bila ngoma, na uani wanasikia ngoma bila waimbaji. Kila mtu anadhani chombo kimeharibika. Dawa ni kuweka miksa yako kwenye mono, pande zote mbili ziunganishwe kuwa sauti moja, kabla hujaanza, na kuiacha hapo usiku kucha.

Pili, nguvu ya sauti. Nyimbo zilizotengenezwa kuanzia miaka ya 1990 kuja huku zimesukumwa hadi juu kabisa. Za 1978 ziliachiwa nafasi ya kupanda na kushuka. Ukitoka kwenye wimbo wa mwaka huu kwenda "Daddy Cool" ya 1976 bila kugusa kitu, wimbo wa zamani utasikika mnyonge. Vijana wengi hapo wanaongeza besi. Besi haitasaidia, itaziba tu sauti za waimbaji. Ongeza nguvu ya chaneli nzima, besi iache ilipo. Na tafadhali msipige faili zilizobanwa sana mlizopakua kwa simu. Kwenye simu zinadanganya, ila ukiziweka kwenye spika kubwa matoazi yanasikika kama maji yanayomwagika.

Tatu, kasi. Wapiga ngoma wa zamani walikuwa watu, hawakuwa mashine. Wimbo unaanza kwa mwendo huu, kwenye kiitikio unakaza kidogo, mwishoni unapumua. Ukijaribu kuziunganisha nyimbo mbili za namna hiyo kwa dakika nzima, zitakanyagana. Kuna chache ambazo zimenyooka. "Stayin' Alive" ya Bee Gees, 1977, ni mojawapo, na sababu yake naipenda: mpiga ngoma wao Dennis Bryon alikuwa ameondoka kwa msiba wa mama yake, basi studio wakachukua kipande kifupi cha ngoma kutoka "Night Fever" wakakiunga mkanda ukawa duara, ukazunguka wimbo mzima. Ndiyo maana mapigo yake, kama 104 kwa dakika, hayayumbi. Huo utumie kama daraja. Nyingine ziache ziishe zenyewe, kisha ianze inayofuata. Watu wetu hawaudhiki na sekunde mbili za ukimya, wanazitumia kushangilia.

Mpangilio wa jioni hausumbui. Wakati wa chakula, Jim Reeves, yule mwimbaji wa country wa Marekani. Albamu yake ya Krismasi ilitoka 1963, mwaka mmoja kabla hajafa kwa ajali ya ndege, na aliimba mdomo ukiwa karibu kabisa na maiki, kwa hiyo sauti yake inafika kila meza bila kuzuia mazungumzo. Disko toto la watoto lifanyike mchana na liishe kabla ya giza. Baada ya chakula, Zaburi ya Boney M. kuwainua wakubwa, kisha rika moja baada ya jingine kwa zile hesabu za miaka. Bluzi mbili au tatu usiku ukikolea, na hapo taa zipunguzwe, wenye ndoa zao wakumbukane.

Mkesha wa Mwaka Mpya una jambo lake. Watu wengi hupiga "Happy New Year" ya ABBA saa sita kamili kwa sababu ya jina. Sikubaliani nao. Wimbo huo, wa albamu ya mwaka 1980, una huzuni tele: sherehe imekwisha, watu wamechoka, na waimbaji wanajiuliza miaka kumi ijayo italeta nini. Saa sita kamili watu wanataka kuruka na kukumbatiana huku fataki zikilia mtaani, kwa hiyo hapo napiga "Celebration" ya Kool & the Gang. ABBA naiweka saa saba na nusu, wakati waliobaki ni wale wanaotaka kukaa na kuzungumza habari za waliotangulia mwaka huo. Hapo wimbo unakaa mahali pake.

Ombi langu la mwisho ni la kanda. Nyumba nyingi za huku bado zina kaseti kwenye maboksi, zilizorekodiwa kutoka redioni au zilizoletwa kutoka Zambia, na unyevu wetu ni adui wao mkubwa. Rungwe mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka, ukungu mweupe huota juu ya mkanda wenyewe. Usiichezeshe kanda yenye ukungu, itachafua kichwa cha redio na kuambukiza nyingine. Iache kwanza sehemu kavu yenye hewa, mbali na jua kali. Kisha safisha kichwa cha redio kwa pamba na spiriti, na ukisikia sauti imefifia kama iko chini ya blanketi, kaza au legeza polepole skrubu ndogo iliyo pembeni ya kichwa hadi sauti ifunguke. Mkanda wa kaseti unatakiwa utembee sentimita 4.76 kwa sekunde. Ukisikia waimbaji wamekuwa wazito, mpira unaozungusha kanda ndani ya redio umelegea, badilisha kabla hujarekodi chochote. Rekodi kwenye kompyuta bila kubana faili. Na ifanye kazi hiyo Desemba hii, mzee mwenye kanda akiwa amekaa pembeni, umwandikie jina la kila wimbo na nani alimletea, maana kwenye makasha mengi ya hizo kaseti hakukuandikwa kitu.