Usiagize nâu ukiwa Saigon

Asubuhi yangu ya kwanza Saigon, kusini mwa Vietnam, niliagiza kahawa kwa kujiamini kama mwenyeji. Nilikuwa nimetoka Hanoi, kaskazini, ambako nilikaa wiki tatu nikionja na kukaanga, na maneno mawili ya kuagizia nilishayakariri: nâu đá. Đá ni barafu. Nâu ni rangi ya kahawia. Sisi rangi tumeipa jina la kinywaji, wao kinywaji wamekipa jina la rangi. Mama muuzaji akanitazama, akamtazama mwanawe, wakacheka. Kijana akainua kopo la maziwa mazito yenye sukari akauliza, "Sữa?" Nikaitikia kwa kichwa. Kusini kinywaji hicho hicho huitwa cà phê sữa đá, na kinachotajwa ni maziwa.

Jina ndilo tofauti ndogo kuliko zote. Kikombe cha Hanoi kilikuwa kifupi, kahawa nzito, barafu vipande vichache. Hiki cha Saigon kilikuwa glasi ndefu iliyojaa barafu hadi mdomoni, na pembeni glasi nyingine ya chai baridi ambayo sikuiagiza wala sikuilipia.

Kwa mkaangaji kama mimi, ajabu ni kwamba kahawa yenyewe karibu ni ile ile. Zaidi ya tisa ya kumi ya kahawa ya Vietnam ni ya aina ya robusta, na sehemu kubwa hutoka nyanda za juu za kati, hasa mkoa wa Dak Lak, kwenye udongo mwekundu wa volkano unaouzunguka mji wa Buon Ma Thuot. Arabika, aina ya pili, ipo, hasa Cau Dat karibu na Da Lat na huko Son La kaskazini, lakini ni kidogo. Robusta ina kafeini karibu mara mbili ya arabika, na uchungu wake hauna adabu. Kwa hiyo kutoka kaskazini hadi kusini, kilomita 1,726 za reli, watu wanajibu swali moja: uchungu huu tuufanye nini?

Robusta yenyewe ni mtoto wa huku kwetu. Asili yake ni misitu ya Kongo na Uganda, na miche ya Kongo ndiyo iliyopelekwa Java kupitia Brussels mwanzoni mwa karne ya 20, baada ya ugonjwa wa kutu ya majani kuitafuna arabika ya Asia. Wamisionari wa Kifaransa walikuwa wameshaleta arabika Vietnam mwaka 1857, ila iliyokuja kulitawala soko ni robusta. Watu husahau pia mchango wa Ujerumani Mashariki. Ilipobanwa na bei ya kahawa miaka ya 1970, ilitia saini mkataba na Vietnam mwaka 1980 wa kupanua mashamba ya Dak Lak, ilipwe kwa mavuno. Kahawa ilipoanza kuzaa vizuri, Ujerumani Mashariki yenyewe ilikuwa haipo tena.

Hanoi ina majira ya baridi, na wageni wengi hawalijui hilo. Januari kuna manyunyu, watu wamevaa makoti, na kahawa ya moto ina maana. Kahawa ya yai nayo ina maana. Aliyeibuni ni Nguyen Van Giang, mhudumu wa hoteli ya Metropole, mwaka 1946, wakati maziwa yalikuwa adimu. Alichukua kiini cha yai akakipiga na sukari mpaka kikawa povu zito, akalimwagia juu ya kahawa. Mkahawa wa familia yake bado upo, ndani ya uchochoro mwembamba wa mtaa wa Nguyen Huu Huan. Kikombe hukalishwa kwenye bakuli la maji ya moto, kwa sababu yai likipoa hutoa shombo. Ukikoroga haraka umekosea. Kula povu kwanza kwa kijiko, kisha shuka kwenye kahawa. Mimi nilienda nikiwa na dharau, nikijiambia ni kitu cha watalii. Nikarudi mara nne.

Mtaa huo huo una mkahawa wa Lam, ambao kuta zake zilijaa picha kwa sababu wachoraji waliokuwa hawana pesa, Bui Xuan Phai mmoja wao, walilipa kahawa kwa picha. Hii inaeleza Hanoi vizuri kuliko kichujio chochote. Mtu anakaa kwenye kigoda, magoti yanagusa kifua, anasubiri matone yadondoke kutoka kwenye phin, kile kichujio cha bati kinachokaa juu ya kikombe, na hana haraka. Watu wa pwani yetu wanaokaa barazani na kahawa chungu wangejisikia nyumbani. Ila sisi utamu tunauweka nje ya kikombe: kashata, au tende kama ndugu zetu wa Oman. Uchungu unabaki mzima, unapatanishwa mdomoni.

Hue, katikati ya nchi, wametumia chumvi. Cà phê muối ni changa mno, imeanza mwaka 2010 kwenye mkahawa wa mtu na mkewe, sasa imeenea nchi nzima. Maziwa yaliyochachushwa kidogo hupigwa na chumvi, yakawekwa kwenye kahawa. Si mzaha: chumvi kidogo huzuia ulimi usiusikie uchungu, kwa hiyo utamu uliokuwepo unajitokeza bila kuongeza sukari.

Kusini jua haliendi likizo, na barafu ndiyo mpishi mkuu. Ndiyo maana kahawa hutengenezwa kali kupita kiasi: inajua itayeyushiwa maji. Saigon, ambayo kwenye ramani ni Jiji la Ho Chi Minh, ina pia urithi wa Wachina wa Cho Lon, mtaa wao humo jijini. Wao ndio walioleta cà phê vợt, kahawa ya kuchuja kwa mfuko wa kitambaa na kuiweka kwenye chungu juu ya mkaa, na bạc xỉu, ambayo ni maziwa mengi yenye kahawa ya kudondoshea tu. Wazee wa zamani waliimimina kahawa ya moto kwenye kisosi wakainywa kutoka humo, na nilipoambiwa hivyo nilimkumbuka babu yangu na chai yake. Vijana wao hununua glasi ya plastiki, wakatandika gazeti chini kwenye bustani iliyo karibu na kanisa kuu, wakakaa hapo hapo.

Kuhusu ukaangaji nina neno. Wakaangaji wa kizamani huongeza siagi na sukari, wengine tone la pombe kali au mchuzi wa samaki, na mbegu zinatoka nyeusi zinang'aa. Nilifundishwa kwamba huko ni kuficha kahawa mbovu, na mara nyingi ni kweli. Mahindi na soya zilizokaangwa zimewahi kuchanganywa humo pia, na huo ni wizi. Lakini siagi yenyewe siku hizi siilaumu. Mbegu kavu ya arabika safi, ukiimwagia maziwa ya kopo na barafu, inapotea kabisa. Ile nyeusi yenye siagi inasimama.

Kwa aliye Bukoba au Kampala, robusta iko mlangoni, na si lazima iishie kutafunwa. Kaanga hadi iwe nyeusi kiasi, saga iwe nene kidogo kuliko ya kuchemsha. Weka maziwa ya kopo vijiko viwili chini ya glasi. Gramu 20 za kahawa kwenye phin, maji ya moto mililita 25 kwanza, hesabu hadi thelathini ivimbe, kisha ongeza mililita 80. Isubiri dakika nne au tano. Ikimalizika kwa dakika mbili, umesaga nene mno. Barafu iwe ya mwisho.