"Samaki si jani": hii hoja ya dawa ya magugu imenichosha

Jamani, hii ya "dawa ya magugu inaua majani tu, samaki haimhusu" nimeisikia tena, safari hii kwa mfugaji ambaye bwawa lake liko chini kabisa ya shamba. Na ananielimisha, eti glaifoseti, ile kemikali inayofanya kazi kwenye dawa nyingi za magugu, inazuia kimeng'enya ambacho mimea inacho na wanyama hawana. Kweli kabisa, sibishi.

Sasa nani kakwambia kwenye kidumu kuna glaifoseti peke yake? Jani lina nta, maji matupu yanateleza, kwa hiyo kiwanda kinatia sabuni ili dawa ishike na ipenye. Sabuni iliyotumika miaka mingi ni POEA, inatokana na mafuta ya wanyama. Na samaki anapumua kwa matamvua, utando mwembamba ajabu ambao uko ndani ya maji saa 24, ukiharibika samaki wengi hawana pa kupumulia pengine. Kuna vipimo vya 1979 kwa trauti, samaki wa maji baridi, saa 96: glaifoseti tupu LC50 (kiwango kinachoua nusu ya samaki waliopimwa) ilikuwa miligramu 140 kwa lita, sabuni peke yake 2. Mbili! Na LC50 ikiwa ndogo ndo sumu kali zaidi, maana kuna watu wanaisoma kinyume halafu wanashangilia. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku POEA kwenye dawa za glaifoseti mwaka 2016, hawakuwa wanacheza.

Halafu kuna jambo ambalo karibu hakuna anayeuliza: pH, kipimo cha uchachu wa maji, ikipanda uchachu unapungua. POEA inazidi kuwa kali pH ikipanda, glaifoseti yenyewe inakwenda kinyume chake. Bwawa la kijani lenye mwani mwingi pH yake inapanda mchana jua likiwaka, kwa hiyo dozi ileile inayoingia asubuhi na inayoingia alasiri hazina ukali mmoja, na wewe unaniambia lebo imesema salama. Salama kwa maji gani?

2,4-D, dawa nyingine ya magugu, nayo jina moja halitoshi. Ile ya chumvi ya amini samaki anaivumilia kwa kiasi kikubwa, ya esta ni kali mara nyingi zaidi kwa sababu inapenya mwilini kirahisi, na jina la mbele ya kidumu ni lilelile 2,4-D, tofauti iko kwenye maandishi madogo ambayo hakuna anayeyasoma. Trifluralini, nayo dawa ya magugu, sitaipotezea muda, ni sumu kali kwa samaki, basi.

Kinachonitoa moshi hasa ni oksijeni. Mtu kaua magugumaji bwawa zima kwa siku moja, maji safi, anafurahi. Yale majani yanaoza, bakteria wanakula oksijeni, mimea iliyokuwa inaitengeneza ndo hiyo imekufa, na maji yakiwa ya moto yanabeba oksijeni kidogo tangu mwanzo. Alfajiri samaki wako juu wanahema, kukipambazuka wanaelea. Maji yanapelekwa maabara, dawa inaonekana kidogo tu au haionekani, na mtu anarudi kifua mbele "si unaona, siyo dawa". Ni dawa bwana! Imeua bila kumgusa samaki. Ndo maana lebo nyingi za dawa za majini zinasema tibu sehemu ya bwawa kwanza, subiri, ndo uendelee.

Ila na sisi tunaosema dawa inaua samaki tuseme ukweli, hizo LC50 tunazorushiana zinapimwa kwenye maji safi, samaki wadogo, dozi haibadiliki. Bwawani dawa inakuja kwa mkupuo na mvua ya kwanza baada ya kupuliza, imechanganyika na tope na mbolea, na nyingine, kama glaifoseti na parakwati, zinajishika kwenye udongo kiasi kwamba kilicho majini kweli ni kigumu kukadiria. Nikiletewa samaki aliyekufa jana siwezi kumwangalia matamvua nikaapa ni sabuni na siyo kukosa hewa, vinafanana mno na mzoga unaoza haraka, ukisikia mtu anakutajia muuaji kwa kutazama tu ujue anabahatisha.

Kwa hiyo ukinipigia usianze na "sato wangu wamekufa kwa nini". Niambie walionekana juu saa ngapi, mvua ilinyesha lini baada ya kupuliza, bomba lilioshewa wapi (najua, bwawani), na nipigie picha lebo ya nyuma ya kidumu, siyo ya mbele yenye mahindi mazuri.